Damu Ilipoanza Tulipiga Ngoma

Tunamjua. Tusidanganyane. Yule mama wa miaka 47 aliyekuwa akicheka mpaka nyumba ya tatu wanajua leo kwa mama fulani kuna habari, kisha kicheko kikakatika na hakuna aliyeuliza kimekwenda wapi. Yule mwalimu wa darasa la nne, mpole miaka yote, aliyeanza kuwafokea watoto kwa kosa la penseli, kisha akaonekana akitoka chooni macho yamemvimba. Yule mweka hazina wa kikoba ambaye daftari lake halikuwahi kupotea hata mia, akaanza kusahau nani kanunua hisa na nani hajanunua, mwisho akaacha kuja kabisa. Yule mke wa mtu anayelala sebuleni juu ya mkeka, dirisha wazi, kwa kuwa kitanda kinamuunguza na usiku haumpi usingizi. Tunawajua kwa majina ya watoto wao wa kwanza. Tunajua wanakouza na wanakosali, tunajua hata rangi za sare zao za harusi, maana tulizishona pamoja. Na sote, bila kuitana kikao, tumekubaliana neno moja juu yao.

Ana gubu.

Hilo ndilo tulilompa mwenye kiu badala ya maji. Na halikututosha. Tumeichokonoa lugha yetu mpaka sakafuni kutafuta mengine ya kumchapia: ana kisirani, ana kijiba cha roho, kazeeka vibaya, kaishiwa, kawa dume. Watani wakacheka, watoto wakayadaka. Kumbe lugha hiyohiyo ilikuwa na kitenzi kinachomfaa, kitenzi cha zamani, kusonona, kuumwa ndani kwa ndani pasipo jeraha la kumwonyesha mtu. Wataalamu wa afya wa Tanzania walipotafuta jina la ugonjwa huu hawakwenda mbali. Waliokota neno la bibi zetu wakauita sonona. Lilikuwa kinywani mwetu muda wote. Tulilipita tukachagua gubu, kwa sababu gubu ni kosa la mwenye nalo, ilhali sonona ingetulazimu tuinuke tukamtazame.

Haya tuliyajifunzia wapi sisi, watu wa ngoma? Binti akivunja ungo, nani asiyejua la kufanya? Anawekwa ndani, anaitiwa kungwi, anapewa somo wa kumshika mkono. Wazaramo wana mkole wao, Wamakonde wana unyago wao, na mjini ambako watu hujiona wamestaarabika, mambo yaleyale yamehamia ukumbini yakaitwa kichenpati, na mama mzima anachangishwa laki nzima ili bibi harusi afundishwe namna ya kumpokea mume mlangoni. Akishika mimba, anahesabiwa miezi. Akijifungua, ana arobaini yake: anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa tumbo, anapikiwa uji wa pilipili manga, anakatazwa hata kuinama. Kila mlango wa mwili wa mwanamke tumeuwekea bawabu, mwalimu na wimbo, isipokuwa mlango mmoja. Damu ikianza, mtaa haulali. Damu inapoelekea kukoma, hatuna hata mtu mmoja wa kumketisha mwenzake kwenye jamvi akamwambia: mwanangu, sasa utaona hivi, kisha utaona hivi, na ukiona hivi njoo unigongee hata kama ni saa nane za usiku.

Ngoma zote zile hazikuwa zake. Zilikuwa za tumbo lake.

Nasema haya nikiwa na hatia yangu mkononi. Mama mdogo wangu aliuza vitumbua Tanga kwa miaka 19. Mchele aliulowesha mchana, jioni akausaga na kuutia tui, hamira na iliki, akauacha kwenye ndoo uumuke usiku, na saa kumi alfajiri jiko lilikuwa linawaka. Mwaka ule alikuwa na miaka 49, mimi nina 25, nimekwenda kumsalimia. Niliamka kwa harufu ya uchachu. Kulikuwa kumekucha. Ndoo ilikuwa imefura, mfuniko umebinuka, uji mweupe wa mchele umemwagika na kutambaa sakafuni mpaka umegusa vidole vya miguu yake, na yeye ameketi kwenye kigoda mbele ya jiko lisilowashwa, khanga imelowa jasho kifuani kana kwamba ametoka kuoga, anautazama tu. Nilimgusa, hakuwa na homa. Kiberiti kilikuwa mkononi mwake. Nje wateja walikwisha kufika na vibakuli, mmoja akaita, "Mama, leo umetususa?" Nikamwambia, "Mama, watu wanangoja." Akajibu polepole, "Mwanangu, nimeshindwa kuwasha."

Nilidhani njiti zimelowa. Nikakichukua kiberiti mkononi mwake nikakigusa mara moja, kikawaka. Nami nikamshangaa. Mchana nikampigia mama yangu simu nikamwambia kwa wepesi wa mtu anayetaja mvua: mdogo wako siku hizi ana gubu, hata kazi hataki.

Ukoo ulikaa, nisije nikasema tulimtupa. Tulimzunguka kama nzi. Mjomba alisema ni jini la mahaba, akamleta mtu wa kupunga. Tukanunua kuku, tukanunua ubani, tukapoteza usiku wa siku tatu. Akaandikiwa kombe, akalinywa siku saba. Jirani mlokole naye, kwa moyo safi kabisa, akamchukua kwenye mkesha, na pepo wa huzuni alipoamriwa atoke asitoke, ikasemwa imani ya mgonjwa ni ndogo. Tukampeleka zahanati. Kipimo cha malaria hakikuonyesha mdudu, akapewa dawa ya malaria. Tukarudi, ikawa taifodi. Tukarudi tena, ikawa UTI, kisha presha, kisha vidonda vya tumbo, kisha akaambiwa apumzike asiwaze sana, kana kwamba kuwaza ni mzigo ambao mtu anautua kando ya njia akaenda zake. Mumewe alivumilia mwaka mmoja, halafu akaoa Muheza. Kikaango cha vitumbua kikauzwa. Miaka ilipita zaidi ya mitatu, na katika wote waliomshika kichwa, mshipa na mkono, hapakuwa na mtu aliyemuuliza swali la maneno matatu.

Hedhi yako vipi?

Na wala jambo lenyewe si siri ya maabara. Kwa walio wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55, nayo huhesabiwa kuwa imekoma pale inapopita miezi 12 mfululizo bila damu. Lakini kabla ya hapo kuna mpito, na mpito huo huchukua miaka, kwa wengine ukianzia mapema katika miaka ya arobaini, wakati damu bado inakuja, mara nyingi, mara kidogo, mara imesusa miezi miwili na mwenyewe akadhani ni mimba. Ovari zinafunga kazi. Homoni ya estrojeni haiteremki kwa utaratibu kama mtu ashukaye ngazi. Inapanda na kuporomoka, leo juu kupita kawaida, kesho chini, kama bahari ya kusi. Na estrojeni si ya kizazi peke yake. Ubongo nao unaitumia, na humo inashirikiana na serotonini, kemikali inayohusika na usingizi na hali ya moyo. Inapoyumba hivyo, kuna wanawake ambao usingizi unavunjika, kumbukumbu inatoboka, joto linawavamia usiku mpaka shuka linakamuliwa, na moyo unazama pasipo msiba wowote wa kuutaja. Si wote. Wengi huvuka salama. Lakini aliyevuka asisimame ng'ambo akamwita mvivu yule anayekunywa maji.

Aliyewahi kuugua sonona ujanani au baada ya kujifungua yuko hatarini zaidi, hilo linajulikana. Ila hata asiyewahi hana kinga. Utafiti wa eneo la Boston, Marekani, uliochapishwa mwaka 2006, uliwafuata kwa miaka kadhaa wanawake ambao hawakuwahi kuugua sonona maishani mwao. Walioingia katika mpito walikuwa na uwezekano wa karibu mara mbili wa kupata dalili nzito kuliko wenzao ambao bado hawajaingia. Mwaka 2024 watafiti wa chuo kikuu kimoja cha London walikusanya pamoja tafiti saba zenye wanawake zaidi ya 9,000, wakaona kwamba walio katika mpito wana hatari ya sonona iliyozidi kwa takriban asilimia 40 ile ya wale ambao hawajaanza mabadiliko. Wanawake hao walitoka Australia, Marekani, China, Uholanzi na Uswisi. Isomeni orodha hiyo mara ya pili. Mtafuteni humo muuza vitumbua wa Tanga, mchuma chai wa Kericho, mama lishe wa Bujumbura. Hayumo. Na tusikimbilie kuwalaumu wa London kwa kutomhesabu. Walio wake, wanaokula kutoka mikononi mwake, walimhesabu lini?

Tazameni tulivyopanga hospitali zetu, maana serikali haiandiki ila yaliyomo mioyoni mwa watu wake. Sera ya afya ya Tanzania inamsamehe gharama mjamzito, inamsamehe mtoto aliye chini ya miaka mitano, inamsamehe mzee wa miaka 60 asiye na uwezo. Sera njema, na sitaki mtu aiguse. Lakini simama kwenye korido ya hospitali yoyote ya wilaya uone palipo na pengo. Mlango huu ni wa kliniki ya mama na mtoto. Pale ukutani pameandikwa dirisha la wazee. Mwanamke anaingia kwenye mlango wa kwanza akiwa na miaka 20, na kadi yake, na mizani, na muuguzi anayemjua kwa jina. Anatoka akiwa na miaka 38, mtoto wa mwisho amemaliza chanjo. Dirisha la wazee litamfungukia akitimiza 60. Miaka 22 yuko koridoni. Humo ndimo anamozika wazazi wake, humo wanawe wanaondoka, humo anaanza kuletewa wajukuu alee upya, na humohumo mwili wake unageuka. Ni nani aliyeandika juu ya mlango wowote: mama wa miaka 45, karibu, keti?

Akiketi popote anaambiwa ni utu uzima.

Nanyi waume, msiinamishe vichwa kana kwamba mkutano huu ni wa akina mama. Presha ilipokupata, nani alikupikia chakula kisicho na chumvi, akala naye bila chumvi ili usijione mpweke mezani? Ulipopunguzwa kazini ukakaa miezi minane unatazama ukuta, nani aliwadanganya majirani kwamba uko likizo? Leo zamu imegeuka. Yeye ndiye anayetazama ukuta, na wewe unawaambia wenzako kijiweni, bao mbele yenu na kahawa mikononi, kwamba nyumba haina amani. Unasema amefunga mlango wa chumba, basi lazima ana mtu. Hujamuuliza. Ungemuuliza kwa upole angekwambia kwamba tendo lenyewe siku hizi linamuuma, kwamba mwili umekauka mahali asipoweza kupataja, kwamba anaona haya mbele ya mume aliyemzalia watoto watano. Badala ya swali ukapanga chumba mtaa wa pili ukamweka msichana wa miaka 26. Na sisi ndugu tukasemaje? Tulisema mwanamume naye ni binadamu.

Ni binadamu. Na yule mwingine ni nini?

Viongozi wa dini nimewaweka hapa kwa makusudi, kwa kuwa kwenu ndiko wanakokimbilia wakishindwa kote. Mtaniambia mambo ya hedhi hayatajwi mimbarini wala madhabahuni, ni aibu. Aibu ya nani? Surat At-Talaq inawataja waziwazi wanawake waliokata tamaa ya hedhi na kuwawekea eda yao ya miezi mitatu. Kitabu cha Mwanzo kinasema bila kupepesa macho kwamba Sara alikwisha kukoma desturi ya wanawake. Mungu hakuona haya kumtaja mwanamke huyu. Haya mmeipata wapi ninyi? Mnazo hotuba za mahari, hotuba za mavazi, hotuba za mke mwenye mdomo. Kila wiki safu za nyuma zimejaa wanawake wa miaka 45 na 50, ndio wanaofagia nyumba ya Mungu na kupika hitma, ndio wanaouza maandazi ili paa liezekwe. Mara ngapi mmewageukia mkasema, anayelia usiku bila sababu hana pepo, ni mgonjwa, na mgonjwa ana haki ya daktari pamoja na dua?

Lakini mzigo mzito nimeuacha kwa wanawake wenyewe, na mimi nikiwemo. Sisi ndio makungwi. Sisi ndio wenye siri za nyumba. Mwanamke wa miaka 60 anayajua haya yote, aliyapitia yote, shuka lililolowa na moyo uliozama, na binti yake akimjia kwa mara ya kwanza na machozi anamjibu, "Mbona sisi tulipita?" Hakupita. Alitambaa usiku akawahi kujifuta matope kabla hakujapambazuka, halafu akaja kumsuta anayetambaa mchana. Tunakusanyika kwenye kikoba tukamcheka asiyekuwepo. Tunamwona shoga yetu ameacha kusuka nywele, ameacha kujibu simu, hataki hata harusi ya mpwa wake, tunasema kajiona, katupandisha mabega. Mawifi wanahesabu siku alizokosa kuja msibani, ila siku alizoshindwa kutoka kitandani hakuna aliyezihesabu. Kungwi anayemfundisha mwali namna ya kumridhisha mume na asimfundishe namna ya kuishi ndani ya mwili wake miaka 30 baada ya hapo, amefundisha nini?

Najua mtakavyojibu, maana nami nilijibu hivyo. Mtasema haya ni magonjwa ya Kizungu, bibi zetu hawakuwa nayo. Hawakuwa nayo? Rudini kwenye koo zenu mkaulize vizuri. Kila ukoo una bibi mmoja ambaye habari zake hukatwa katikati. Yule "aliyerudi kwao." Yule aliyejengewa kibanda nyuma ya nyumba kubwa akawa hasemi na mtu. Yule ambaye watoto walikatazwa kupokea chakula mkononi mwake. Alikuwa na miaka mingapi alipoanza kunyamaza? Ulizeni hilo tu.

Na njia hii tuliyoichagua ina mwisho wake, nao hauko mbali na pale inapoanzia. Inaanza na gubu. Kisha mwanamke anasemwa kuwa hapatani na watu, anatembea usiku uani, anaongea peke yake. Kisha kuku wa jirani anakufa, mtoto wa jirani anashikwa na degedege. Usukumani, kwa miaka mingi, wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa kosa la macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni na samadi, wakiwapikia haohao waliokuja kuwahukumu. Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti ya Kisii, wanawake wanne waliuawa na umati kwa kuitwa wachawi. Mtasema hayo ni ya huko vijijini. Umati ule nao ulikuwa na mama zao nyumbani, na haukuzaliwa umeshika mawe. Ulilelewa kwa maneno. Mwanamke aliyekwisha kuzaa tulimwondolea ubinadamu kidogokidogo kwa ndimi zetu, mzaha baada ya mzaha, hata wenye mapanga walipofika hawakukuta mtu, walikuta kilichobaki.

Linaloniuma kuliko yote ni kwamba tiba ipo. Tungekuwa tumeshindwa kwa kukosa, ningelia nikanyamaza. Zipo dawa za sonona. Fluoksetini na amitriptilini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, wala si dawa za matajiri. Yapo mazungumzo ya tiba na mtu aliyefundishwa kusikiliza. Ipo tiba ya homoni kwa baadhi yao, kwa uangalizi wa daktari, kwa kuwa haimfai kila mmoja, na aliyeugua saratani ya matiti kwa kawaida hapewi. Kipo hata kipimo cha wingi wa damu, maana katika miaka hii wapo wanaotoka damu nyingi kupita kiasi wakabaki hawana nguvu ya kuinua sufuria, nasi tukawaita wavivu. Hata pasipo na daktari bingwa pana la kufanya. Mwaka 2006, Harare, daktari wa akili Dixon Chibanda, katika nchi iliyokuwa na madaktari wa akili wa kuhesabu kwa vidole, aliwachukua bibi wa mtaani, wanawake wazee wa kawaida, akawafundisha kusikiliza, akawaweka kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Mwaka 2016 jaribio lenye wagonjwa zaidi ya 500 lilichapishwa, na baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi lile walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliohudumiwa kwa utaratibu wa kawaida. Bibi. Walewale ambao sisi tunawapeleka nyuma ya nyumba.

Na sisi tunazo hospitali za akili tangu ukoloni. Tumezifanyia nini? Mirembe ya Dodoma tumeifanya tusi la kumalizia ugomvi. Mathari ya Nairobi vivyo hivyo. Mama mdogo aliwahi kusikia mtoto wa mtaani akimwambia mwenzake, "Yule wa Mirembe yule," akaona anayenyooshewa kidole ni yeye, akavuta mlango. Hakutoka tena kwenda sokoni mwezi mzima. Ni nani angemshauri, baada ya siku ile, aende kumwona daktari wa akili? Tulijenga hospitali, halafu tukasimama mlangoni tukiwazomea wanaoingia.

Mtoto yule alilisikia wapi? Kwa mamake. Na mamake kwetu.

Sasa mimi nina miaka 48. Mwezi Mei mwaka huu nilikuwa jikoni saa tatu za usiku, vyombo vimejaa karai, nimevisimamia muda nisioujua, maji ya bomba yanamwagika, na sikuweza kuutia mkono humo. Mwanangu wa kiume alikuwa chumbani anaongea na simu na dada yake. Ukuta wa kwetu ni mwembamba. Akasema, bila chuki yoyote, kwa wepesi wa mtu anayetaja mvua, "Mama siku hizi ana gubu."

Nilifunga bomba. Juma lililofuata nikapanda basi la Tanga.

Ana miaka 72 sasa, mama mdogo. Moyo wake ulirudi wenyewe, polepole, baada ya miaka, kikaango hakikurudi. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba, akanitazama usoni kuliko ilivyo kawaida yake. Nilikuwa nimekuja na maneno ya kuomba radhi, nimeyapanga njiani tangu Chalinze, na chakula kikaliwa, na Isha ikasaliwa, na sikuyasema. Tulilala chumba kimoja, kitanda kimoja, kama nilipokuwa mtoto. Usiku wa manane joto likanipanda kutoka tumboni hadi kwenye masikio, khanga ikanigandia mgongoni, nikaketi gizani, nikaanza kulia kimya nikijizuia nisitikise kitanda.

Aliinuka. Hakuwasha taa, hakuniuliza kitu. Nikasikia mlango wa kabati, nikasikia mkono wake ukipapasa nguo zilizokunjwa, halafu kitu kikavu chenye harufu ya karafuu kikawekwa mapajani mwangu.

"Vaa hii," alisema. "Na hii nyingine iweke chini ya mto. Saa kumi utaihitaji."